Amonia Ilipotoka Bombani

Jumanne jioni, Kibiti. Joto tangu asubuhi, hata jani halitikisiki.

Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hili katika daftari langu.

Mashine ya barafu ya Bwana Jetha tunaiangalia watu wawili, mimi na Bakari, mume wa dada yangu Mwajuma. Kazi hii mimi ndiye niliyemtafutia, alipochoka na kilimo kule Mtunda. Mzungu aliyeifunga mashine alituonya kwamba amonia haitaki mchezo. Ndani ya bomba imebanwa ikawa majimaji. Ikipata upenyo hugeuka hewa, na hewa hiyo hutafuta unyevu popote ulipo mwilini. Huanza na macho, ikashuka kooni, hata kwapani penye jasho huunguza.

Leo asubuhi tulisikia harufu yake. Nikawasha utambi wenye kibiriti upele, ambao moshi wake huwa mweupe ukikutana na amonia, nikaupitisha polepole kwenye maungio ya bomba. Penye nati moja ukafuka moshi mweupe. Hapo ndipo palipovuja.

Sheria ni kuzima mashine na kufunga valvu kabla ya kugusa chochote. Lakini samaki wa wavuvi wa Kiongoroni walikuwa njiani, na Bwana Jetha alikwisha kuulizia barafu mara mbili. Nikamwambia Bakari aikaze hivyo hivyo.

Nati ikakatika.

Sikuona tena kitu ila weupe. Kifua kilibana kama nimekabwa, nikakimbilia mlangoni. Nilipofika uani ndipo nikajua niko peke yangu.

Bakari aliniita. Aliita jina langu, akakohoa, akaita tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta, miguu haitaki kurudi. Sijui nilisimama muda gani. Alipoita mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo sana.

Ndipo nikalowesha gunia kwenye pipa la maji, nikajifunika uso, nikaingia kwa kutambaa. Hewa ile hupanda juu; chini angalau kuna pa kuvuta pumzi. Nilimkuta amelala kifudifudi. Nikamvuta kwa miguu hadi nje, nikammiminia maji machoni, ndoo baada ya ndoo, mpaka watu wakaja kunisaidia kumbeba.

Dresa wa zahanati ameendelea kumwosha macho mchana kutwa. Anasema jicho la kulia litapona. La kushoto hataki kulisemea.

Alasiri dada alifika kutoka Mtunda, vumbi mpaka magotini. Akanishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Kaka, bila wewe leo ningekuwa mjane."

Nikamvutia kigoda akae.

Baadaye alipotoka kuteka maji, Bakari aligeuza uso wake uliofungwa bendeji kuelekea nilipokaa.

"Shemeji, nilikuita. Hukunisikia?"

"Sikusikia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru.

Bwana Jetha ameleta habari kwamba mashine itengenezwe haraka, na kuingia mle tena naogopa. Lakini naogopa zaidi kile chumba cha zahanati, na dada akijua atanitazamaje.

Kesho asubuhi, kabla Mwajuma hajaleta uji, nitakaa kando ya kitanda cha Bakari nimwambie kwamba nilimsikia.

Mara zote tatu.