Meza ya Mninga na Wakwe wa Mtowisa

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike hakuna aliyeifungua meza yako ya mninga. Ipo sebuleni hapa Chanji, fupi, ya watu wanne, imesimama kwenye miguu ile myembamba iliyotanuka kidogo chini, kama siku babu alipoachiwa meza hii na mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Unakumbuka Krismasi? Wewe upande huu, mimi na Dada Skola upande ule. "Vuteni pole, msiivunje mgongo!" Meza inaachana katikati, tunainua ubao uliojificha tumboni mwake, na ukoo mzima unaenea.

Kisha Skola akaolewa na kijana wa Kisukuma, si Mfipa kama sisi, mfugaji wa kule bondeni Mtowisa, na Baba akaapa hatakula na wakwe wale. Uliumia kimya, Mama. Nilikuona.

Juma lililopita baba mkwe wa Skola akapiga simu. Skola amejifungua, wanakuja kutuarifu kwa heshima. "Waje," Baba akasema, akaingia chumbani kwake. Hilo neno moja lilininyima raha. Niliunguza maharage, nikasonga ugali wa ulezi huku nikijiuliza: atatoka chumbani? Na akitoka, atasema nini?

Walifika watano. Nikaivuta meza, ikagoma. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Wageni wamesimama, mlango wa Baba umefungwa. Mzee mkwe akavua kofia, akashika upande mmoja. "Mwanangu, huko nani atashika?"

Mlango ukafunguka. Baba hakusalimia mtu. Akashika upande wa pili. Wakavuta, wakapumua, wakavuta tena. Mbao zikalia, nikafumba macho nikijua sasa inapasuka. Haikupasuka.

"Karibuni mkae," Baba akasema.

Alikula, Mama. Tonge chache, lakini alikula. Halafu akauliza, macho yake kwenye sahani, "Mtoto kafanana na nani?"

"Twende ukamwone mwenyewe," mzee akamjibu.

Kesho yake akaondoka nao. Na mimi ndipo nikaanza kuhangaika upya. Unaijua ile barabara ya kushuka bondeni wakati wa mvua, na unakijua kifua chake. Unaujua na mdomo wake. Simu haikupatikana kutwa nzima. Akilini niliona gari limeteleza. Niliona amemtukana mtu, amefukuzwa, yuko njiani peke yake.

Jana jioni akapokea. "Huku kuna joto," akanung'unika. Mtoto akaanza kulia. Baba akaiweka simu mahali bila kuikata, nikamsikia akimbembeleza kwa Kifipa, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sikukata. Nilisimama nikisikiliza mpaka wote wawili wakanyamaza.

Pumzika, Mama. Nitakuambia akirudi.

Ni mimi,
kitindamimba wako.