Kupokea Muzigo

Kibombo, tarehe 6 Februari 1983

Kwa mukwe wangu Kakule,

Nakusalimu kutoka huku Kibombo. Sisi tuko wazima, ila mugongo unaniuma kama kawaida yake, na sombe yote, majani yangu ya muhogo, imeliwa na mbuzi wa jirani, yule muntu asiyejua kufunga kamba. Na nyinyi je? Riziki anakula vizuri? Masika ameanza kutembea, ao bado anabebwa kama chifu? Unijibu habari za wantu, si habari za duka. Kila mara unaniandikia bei ya vitenge, utasema nataka kununua duka lako lote.

Sasa unisikilize. Masudi wa treni, njo huyu anakuletea barua, ameniambia rafiki yako Nestor amekufa. Anasema wanyang'anyi walimukamata njia ya Kama, kule munakonunua dhahabu, wakabeba dhahabu yake na viatu vyake pia. Nestor alikuja kusimama nyuma yako siku ya mahari. Alimaliza samaki yangu yote siku ile, nikamucheka mbele ya wageni. Sasa kile kicheko kinaniuma.

Mukwe wangu, wakati ulikuja kuniomba Riziki, wajomba wake walikataa. Walisema muntu wa milimani leo iko hapa, kesho amepanda kamyo. Mimi nilikupa. Nilikuomba neno moja tu, umulinde. Lakini wewe, nani anakulinda? Wakati wa vita ya waasi walimupiga baba yake risasi kwenye mulango wetu, Riziki akiwa chini ya kitanda. Nilibaki mujane nikiwa ningali kijana. Sitaki mutoto wangu aonje ile. Uniambie, ukienda Kama kununua dhahabu, unabeba nini cha kujikingia?

Mama-mukwe wako,
Philomène


Kindu, tarehe 20 Februari 1983

Mama-mukwe muheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima, ni kama nimevua kofia mbele yako. Riziki muzima, anakula. Masika anatembea. Jana alitembea mpaka ndani ya duka huku mutaa wa Kasuku, akavuta kitenge kikamuangukia kichwani, akacheka humo ndani. Unisamehe, hiyo ni habari ya muntu na ya duka pamoja.

Nestor tulimuzika. Mama yake hakuweza kufika kutoka Butembo.

Umeniuliza ninabeba nini. Ni haya kumuandikia mama-mukwe mambo kama haya, lakini umeuliza na sitakudanganya. Nimenunua bastola. Niliipata Kama kwa muntu mumoja, sikumuuliza aliitoa wapi. Ni ndogo, imechakaa, ni ya bei rahisi. Chuma chake cha kuifunga isilie yenyewe kimelegea, na fundi aliyeitazama alisema niishike pole pole tu. Zile nzuri ni za wakubwa, hii njo ya wantu kama sisi. Naifunga kiunoni chini ya shati, na ndani ya kamyo naweka mukono juu yake kama muntu anayeumwa tumbo. Tangu niibebe, nasafiri bila kutetemeka. Namuomba Mungu nisiitumie hata siku moja.

Riziki hajui. Gurudumu la kamyo likipasuka barabarani, anamubeba Masika na kuingia naye chini ya kitanda. Nitamuambiaje kama kitu kile kiko ndani ya nyumba yake? Wewe useme. Ukisema niitupe, nitaitupa ndani ya muto Lualaba.

Mukwe wako,
Kakule


Kibombo, tarehe 9 Machi 1983

Mukwe wangu Kakule,

Habari za huko? Hapa mugongo ule ule. Yule mbuzi ameuzwa, tunapumua.

Nimekaa na barua yako muda murefu. Kama ungekuwa mutoto wa tumbo langu, ningesema itupe leo. Kitu kile kiliniachia nyumba bila mume. Lakini namuona Nestor bila viatu, halafu nakuona wewe. Basi, beba. Ikae kiunoni mwako, isilale mahali pengine, na mutoto asiiguse. Riziki usimuambie. Mutoto yule ameogopa vya kutosha katika maisha yake. Mimi na wewe tutaogopa kwa niaba yake.

Barua zako za namna hii nazitia motoni. Na za kwangu pia uzichome.

Mama-mukwe wako,
Philomène


Kibombo, tarehe 14 Agosti 1983

Mukwe wangu,

Leo sitaanza na mugongo. Unajua Riziki alikuwa kwangu kwa kilio cha shangazi yake. Amekonda. Nikamuuliza kama unamupiga, akasema hapana. Kama unamunyima chakula, hapana. Nikamubana, akalia. Anasema ukirudi kutoka Kama, anatoka mbio kukupokea muzigo, na wewe unaficha sakoshi yako ya safari nyuma ya mugongo kama mutoto aliyeiba sukari. Unamuambia "acha, muzito," halafu unazunguka nyuma ya nyumba nayo. Majirani wenu wa Mikelenge wanaona. Wanasema iko muke huko Kama anayekupangia nguo ndani ya ile sakoshi.

Kakule, labda kwenu milimani ni vingine. Kwetu muntu anayerudi hafiki mulangoni na muzigo mukononi. Mwenye nyumba anatoka, anapokea, njo wanaingia pamoja. Riziki alianza kunipokea kikapo cha muhogo kabla hajajua kusema vizuri, akianguka nacho, akiamka nacho. Nilimufundisha mimi. Mume akimukatalia muke wake muzigo, maana yake amemuchoka. Hata kama hujamuchoka, njo anavyosikia yeye, na njo wanavyosema wantu.

Sitaki kujua kama kuko muke. Wewe ni mwanaume na mimi ni mama-mukwe wako, tusifike huko. Nataka tu mutoto wangu apewe ile sakoshi.

Philomène, mama-mukwe wako


Kindu, tarehe 2 Septemba 1983

Mama-mukwe muheshimiwa,

Barua yako imenipiga kofi mbili. Hakuna muke Kama. Huko kuna matope, mbu, na wanaume wenye harufu mbaya. Niliapa mbele ya Riziki, na mbele yako naapa pia.

Kuko sababu yangu nyingine, lakini si ya kuandika, na nimeona njia ya kuitengeneza mwenyewe. Sibishani na wewe. Juzi nimerudi, nikamupa sakoshi. Mama, ungemuona. Aliiweka kichwani, akapita nayo polepole mbele ya majirani wote, hata njia ilikuwa si ile. Masika anamufuata, ameshika mukanda wa sakoshi na kusema "nimepokea, nimepokea". Usiku ule nilikula kuku.

Asanti kwa kunigombeza. Sikujua nilikuwa ninamuumiza namna ile.

Mukwe wako,
Kakule


Kindu, tarehe 4 Februari 1984

Mama,

Sijui nikusalimuje. Niko buloko, nimefungwa tangu siku ile. Masudi alisema atakupa barua hii mukononi. Ukitaka, uitie motoni bila kuisoma, lakini mimi lazima niandike.

Umeshamuzika Riziki. Mwili wake ulipanda treni, na mimi sikupanda. Nilikwenda mwenyewe kwa jandarme na kile kitu mukononi. Wajomba walikupa habari ya kwamba nimemupiga risasi. Iko haki yako kujua ilivyokuwa.

Bastola ilikaa kiunoni kama ulivyosema. Lakini tukivuka Lualaba kutoka Alunguli, askari wa kivukoni wanapapasa wanaume mwilini. Sakoshi yangu hawafungui, wananijua, nawapa sigara. Kwa hiyo, kabla ya kupanda mutumbwi, nilikuwa naitoa kiunoni na kuitia ndani ya sakoshi. Zamani nilikuwa nafika nayo hivyo mpaka nyumbani, njo maana nilikuwa namukatalia Riziki. Baada ya barua yako nilibadilisha. Nikishuka ng'ambo ya Kasuku, naingia pahali nyuma ya maduka, naifunga tena kiunoni, halafu natembea kwenda Mikelenge nikiwa na sakoshi safi ya kumupa bibi yangu. Niliona nina akili.

Siku ile ilikuwa ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Tuliposhuka tu, wakatukamata wote twende kufyeka majani ya barabara. Chama kilikuwa na wageni. Walitupa majembe, wakatusimamia, wakatuimbisha. Sakoshi ilikuwa begani, wantu mbele na nyuma, sikupata pa kujificha. Mvua ikatunyeshea. Walipotuachilia, nilikuwa nimechoka, nikasema nitazunguka nyuma ya nyumba, kama zamani.

Riziki alikuwa anatwanga baada ya mvua kuisha. Aliniona kutoka mbali. Alitupa mutwangio akaja mbio, anacheka, majirani wamesimama. Mama, nilikuwa na wakati wa kusema hapana. Neno lilikuwa mudomoni. Nikakumbuka uso wake wakati ule nilipokuwa namukatalia, na nikaona ni haya kumufanyia hivyo tena mbele ya wantu. Nikasema, atafika nayo mulangoni tu, ni karibu. Nikamuachia.

Mukanda ulikuwa umeloa. Ulimuteleza mukononi. Sakoshi ikaanguka juu ya lile jiwe la kusugulia miguu.

Mulio ulikuwa mudogo. Mimi mwenyewe nilidhani ni kitu kingine. Riziki alikaa chini, hakuanguka. Aliniangalia. Alisema, "Muingize Masika chini ya kitanda." Alifikiri vita imerudi, mama. Hakujua imetoka kwangu. Nilimubeba, tulikuwa tunakimbia kwenda hospitali, na hakujua.

Sikuandikii ili ubebe sehemu yako. Ulisema ikae kiunoni isilale mahali pengine. Ulisema, na mimi niliiweka mahali pengine.

Aliyekuwa mukwe wako,
Kakule


Kibombo, tarehe 25 Machi 1984

Kakule,

Barua imefika. Masika iko kwangu, anakula. Usiniandikie tena.

Philomène


Kama, tarehe 18 Novemba 1984

Mama,

Ulinikataza, na mimi navunja amri yako mara moja tu. Wameniachilia. Duka limekwisha. Sasa ninachimba humu ndani ya mashimo na wengine. Sibebi kitu kiunoni, na wanyang'anyi hawanitazami, kwa sababu sina kitu cha kuibiwa.

Kitenge hiki ni kile kilichomuangukia Masika dukani. Nilikificha wadai wasikichukue. Umushonee nguo. Wajomba walisema sikukaa kwenye kilio kama mume, na kweli sikukaa. Sitakuja Kibombo. Masika ni mudogo, atanisahau, na akiuliza baba yake, mumuambie chochote kile. Nisamehe sisemi, kwa sababu sijui ningekuomba na uso gani.

Kakule


Kibombo, tarehe 30 Juni 1985

Mukwe wangu Kakule,

Nakusalimu. Mugongo wangu sasa umepinda kabisa, natembea natafuta senti chini. Na wewe, mwili wako? Huko kwenye mashimo munakula nini? Masudi anasema hakukutambua.

Barua zangu mbili nilizokutumia mwaka huu hukujibu. Sawa. Mimi nilikuachia mwaka muzima bila salamu, na nilitaka ikuume. Nilikuwa nakulaani wakati wa kutwanga, wakati wa kulima, hata kanisani. Halafu siku moja nikasikia maneno ya ile barua yangu ya sakoshi, mwenyewe, kwa sauti yangu. Ulinidanganya nini wewe? Hukunidanganya kitu. Nilijua iko bastola, na nikamuweka mutoto wangu mbele yake kwa ajili ya midomo ya majirani wa Mikelenge. Wewe ulinisikiliza tu, kama mukwe mwenye adabu. Ungekuwa mukwe mubaya, Riziki angekuwa muzima. Nalia nikiandika hapa, usione wino umetawanyika ukafikiri ni mvua.

Nguo ya Masika niliishona. Imekwisha kuwa fupi. Amerefuka kama wantu wenu wa milimani, na anacheka kama mama yake, na kucheka kule kunanimaliza.

Nikuambie kitu. Sikumufundisha kupokea muzigo. Niliapa sitamufundisha. Mugeni akija, nilikuwa namushika nguo ili asitoke. Lakini iko ndani yake. Muntu yeyote akipita na kikapo, hata asiyemujua, anachoropoka na kukimbia mikono juu, na kusema "nimepokea, nimepokea". Mara ya kwanza nilimupiga. Alinitazama, hakujua amekosa nini. Sijamupiga tena. Sasa nasimama mulangoni, roho inanidunda mpaka arudi nacho.

Anakuuliza. Sikumuambia "chochote kile", nilimuambia baba yako iko kazini, atarudi. Treni ikilia anakwenda kusimama karibu na barabara, anatazama wantu wanaoshuka. Wajomba nimeongea nao. Mutakaa kilio chenu, utanyolewa, mambo yaishe, na kaburi nitakuonyesha mimi mwenyewe.

Ila ukija, Kakule, usilete kitu. Usilete kitenge, wala samaki, wala sakoshi. Atakuona kutoka mbali na atakuja mbio, sitaweza kumushika. Mikono yako iwe mitupu, akose muzigo wa kupokea, akupokee wewe.

Mama yako,
Philomène