Bolti Nne za Hina

Sele, ndugu yangu,

Nimempiga mtu kwenye msiba wako. Siku ya tatu, ndani ya sabla, ule ukumbi wa baraza wa mtaa wetu, watu wamekaa wanakunywa kahawa ya kukulilia, na mimi nikamrukia mwanamume mzima na kumvunja jino. Alikuwa amesema neno moja tu: "Allah amrehemu, lakini kwa mwendo ule alijiua mwenyewe." Ilibidi watu wanne wanishike. Kanzu ilichanika, kilemba kikaangukia kwenye sinia la tende. Wote walisema Nassor ana uchungu wa rafiki yake. Walinisifu, Sele! Hakuna aliyejua kwamba nilimpiga kwa sababu uongo aliousema ulikuwa wangu.

Sijui nianzie wapi, basi naanza na habari za nyumbani. Mkeo Rahma ametoka eda. Thuraya amemaliza chuo, binti yako sasa ni injinia mwenye karatasi, na anatembea kama wewe, mabega mbele, kama anayekwenda kudai haki yake. Mama yako sikio la kushoto limekufa lakini la kulia ni lile lile. Unakumbuka alivyokuwa akiisikia Nane tangu kwenye mzunguko wa Sib, wewe bado uko mtaa wa tatu, naye keshateleka chai? "Huyo anakuja na ngurumo zake," alikuwa akisema, na majirani wanafunga madirisha kwa hasira. Nane. Tulilipa jina lile lijiinjini siku tulipolitoa kwenye gari la Kimarekani lililokufa, silinda nane, kutu tupu, panya wamezaa ndani. Umeilea miaka ishirini. Imevaa magari matatu, na wewe ulikuwa ukisema gari ni nguo tu, mwenyewe ni injini.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama ilivyo tabia yako.

Siku ile ya mwisho ya Ramadhani, gereji yetu pale Rusayl, jua linachoma bati, mimi nimelala chali chini ya gari nafunga propela, lile shafti refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Sheria yetu uliitunga wewe: bolti ikishakazwa mpaka mwisho inatiwa nukta ya hina, hina ya Rahma iliyobaki bakulini, umeichanganya na vanishi ili ishike kwenye chuma. Wenzetu wa gereji nyingine walitucheka, wakasema magari ya Sele yanaolewa. Ukawajibu bibi harusi hatoki ndani bila hina. Bolti yenye nukta ilikuwa haiguswi tena. Tuliiamini hina kuliko mikono yetu.

Lakini siku ile hina ilikuwa inakauka. Joto lile, tumbo tupu, bakuli limeanza kufanya gamba. Bolti nne za mbele nilikuwa nimezishikiza kwa vidole tu. Nikajiambia nizitie nukta kwanza hina isije ikaharibika, halafu nizikaze. Nikazitia zote nne. Papo hapo ikaadhiniwa Maghrib, na wewe ukaupiga mlango teke: "Toka huko, Nassor, tende zinakungoja!" Nikatoka. Tukafuturu, mwezi ukaandama, watu wakaanza kupeana mkono wa Idi, na mimi sikurudi tena chini ya gari lile.

Siku ya tatu ya Idi ukaniuliza, "Umekaza?" Nikainama, nikaziona nukta nne. Nikakwambia, "Nimekaza." Hukuniuliza mara ya pili, kwa sababu katika miaka yote ile hukuwahi kuniuliza mara ya pili.

Hukuwa na mwendo, Sele. Mimi ninajua, siku ile ile nilikuwa nyuma yako na pikapu kwenye njia ya Nizwa, na ulikuwa umetoa mkono dirishani ukinipungia nikupite kama naweza, ukinicheka. Niliona cheche kwanza. Propela ilidondoka upande wa mbele, ncha yake ikachoma lami, na gari zima likanyanyuka juu yake, likapinduka mara tatu, vioo vinamwagika, chuma kinalia. Nilikimbia na kiatu kimoja. Mlango niliung'oa, sijui kwa nguvu gani, viganja vyangu mpaka leo vina makovu. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu, damu inatoka masikioni. Nikakusomea shahada na wewe ukaifuata mpaka katikati.

Bolti ilikuwa pale kwenye lami, karibu na goti langu. Kichwani ina hina, meno yake mazima, haikukatika popote. Ilikuwa imetoka yenyewe kwa kuzunguka, kama bolti ambayo haijakazwa. Niliiokota nikaitia mfukoni. Ndugu yangu, niliokota bolti kabla sijakufumba macho.

Hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia. Watu walilitazama lile gari lililokunjika, wakaitazama injini, wakasema mwendo, na mimi nikanyamaza. Kila aliyekuja kutoa pole alikuita kichaa wa mwendo kwa heshima, na mimi nikamimina kahawa.

Kisha ikaja habari ya Nane. Kwenye mabaki yale, injini ndiyo iliyotoka nzima, na Thuraya akaitaka. Alikuwa amekwenda kuona gari jipya, kizazi kipya cha lile lile ulilolipenda, akanichukua na mimi. Sura ile ile, Sele, hata taa zile zile. Ndani mna silinda sita. Muuzaji, kijana mwenye marashi ya kuumiza kichwa, alituambia za nane zama zake zimekwisha, kiwanda hakitengenezi tena. Akabonyeza kitufe, gari likanguruma vizuri kabisa. Thuraya akainama, akatega sikio kwenye mlango, akaniambia, "Ami, hii sauti inatoka kwenye spika. Wameitilia kanda!" Nilicheka mara ya kwanza tangu ufe. Yeye hakucheka. Njiani alisema, "Basi kama kiwanda kimeiacha, ya Baba haifi. Nnaitaka mie."

Mama yako hakutaka hata kuisikia. Akaniita Sib, mbele ya Rahma na Thuraya, akanikalisha chini kwenye zulia kama mtuhumiwa. "Nassor, wewe ndo ulokuwa nyuma yake. Nambie mimi mamaako. Kama ni hii injini ilon'ulia mwanangu, nnataka ivunjwe, isibakie hata nati. Kama si yo, apewe mtoto." Wote watatu walinitazama. Bolti ilikuwa mfukoni mwangu, inanichoma paja.

Nikasema, "Ni injini, Mama. Nguvu zilimzidi."

Siku hiyo ndiyo niliyokuua kwa kusudi, Sele. Ile ya barabarani ilikuwa bahati mbaya.

Nilijitolea kuivunja mwenyewe, nani mwingine? Ijumaa, baada ya sala, gereji tupu, nikachukua ile nyundo kubwa tuliyokuwa tukinyooshea fremu za malori. Pigo la kwanza lilibonyeza kifuniko cha vichwa. La pili likavunja bomba la hewa, vipande vikanirudi usoni, nikaona damu na nikafurahi. Nilipiga kama mwendawazimu. Nilikuwa nikiitukana matusi ambayo sitayaandika, nikiiambia sema, sema wewe, sema ni wewe. Nyundo ikiteleza napiga sakafu, napiga meza, nikaikunja ile birika yetu ya chai. Na Nane imekaa pale juu ya stendi yake, chuma cha watu, inabonyea kidogo tu na kunitazama. Nilitaka kuwe na kitu kimoja humu duniani chenye kosa kuliko mimi.

Sikumwona Thuraya akiingia. Nilikuwa nimeshainua nyundo, na alipojitupa mbele ya injini ilikuwa inashuka. Wallahi nilimkosa kwa upana wa kiganja. Ilipita karibu na sikio lake ikagonga stendi, mikono yangu ikafa ganzi. Ameegemea injini, buibui limejaa grisi, akaniuliza swali moja: "Ami, imefanya nini?"

Nikafungua mdomo niseme nguvu zilimzidi. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe.

Wewe ndiye uliyemfundisha, sikuwa na haja ya kueleza. Aliipokea bolti, akaona hina, akapitisha ukucha kwenye meno yake kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena. Kisha akaniangalia. Alinipiga kofi, halafu jingine, halafu akaacha kuhesabu, ngumi kifuani, mateke miguuni, "Umemwita kichaa! Umemwita Baba kichaa!" Mimi nilisimama. Akaokota nyundo, akavunja vioo vyote vya pikapu yangu, mbele na nyuma, mmoja mmoja, kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko makofi. Alipomaliza akaitupa chini. "Twende kwa Bibi. Hivi hivi ulivyo, na damu zako."

Nilikwenda na pikapu isiyo na vioo, upepo wa Sib na mchanga wake wote machoni.

Mama yako nilimwambia nikiwa nimepiga magoti. Bakuli la hina, adhana, nukta nne, jibu langu kwako, mfuko wangu. Na nilipofika kwenye "ni injini, Mama", aliniinulia mkono ninyamaze. Akachukua bakora yake. Unamjua, miaka themanini, kumwinua kitini ni kazi ya watu wawili. Siku ile aliinuka peke yake. Alinipiga mabegani, mgongoni, kichwani, mpaka bakora ikakatika, na kile kipande kilichobaki mkononi akanirushia. Rahma hakuja kumzuia. Kisha mama yako akakaa, anahema, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kukosea umekosea, kukosea kunamfika kila mtu. Lakini umeniachia mwanangu anasengenywa kaburini. Nenda kawambie wote walokunywa kahawa ya msiba wake. Mmoja mmoja."

Nilisimama sabla Ijumaa iliyofuata. Sikupata kusema mbele ya watu katika maisha yangu, wewe ndiye uliyekuwa na mdomo. Nilisema: Suleiman hakuwa na mwendo, gari lilikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na nilijua tangu siku ile. Wengine waliondoka bila kunipa mkono, na wana haki yao. Yule niliyemvunja jino alikuja mpaka mbele yangu, akanionyesha pengo. "Na hili ulilivunja la nini sasa?" Polisi nilikwenda na bolti mkononi, wameipokea na kuandika maneno yangu. Watakaponiita nitakwenda. Na kafara yangu nimeianza, miezi miwili mfululizo bila kukata, kama ilivyoamriwa kwa aliyeua kwa kukosea. Nakuandikia nina funga ya arobaini na tatu. Njaa ni rahisi, Sele. Kinachonitesa ni ile saa ya adhana.

Thuraya amepewa Nane. Amepata gari zee bila injini, bati lake zima, akalivisha. Zile alama za nyundo yangu hakuzinyoosha zote. Bonde kubwa kwenye kifuniko ameliacha hapo hapo, anasema liwe linanitazama. Kanipa kazi ya kushika taa. Mimi, fundi wa miaka thelathini, nashikia taa mtoto niliyembeba mgongoni, na anapotaka spana ananinyooshea mkono bila kusema "ami". Nimelikubali.

Jana alifunga propela. Rahma alikuja na bakuli mwenyewe, hina ya kwanza kuikoroga tangu ufe. Aliliweka sakafuni mbali na mimi. Thuraya yuko chini ya gari, chali, kama nilivyokuwa mimi. Bolti ya kwanza akaikaza, akaijaribu tena, ndipo akaitia nukta. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Ikaadhiniwa. Tende nilikuwa nayo mkononi tayari, na ulimi umekauka kama mbao. Nikasikia sauti yake kutoka chini: "Bolti moja bado."

Nikairudisha tende kwenye sahani. Nikashika taa kwa mikono miwili.

Aliikaza polepole. Akaijaribu. Akaitia hina. Ndipo akatoka, uso wote mafuta, akaichukua ile tende kwenye sahani akanipa kwa mkono wake. "Futuru, ami."

Tulipoiwasha bati la gereji lilitikisika, vumbi la miezi yote likatumwagikia. Hiyo haikutoka kwenye spika. Nililia kwa sauti, na kwa ngurumo ile hakuna aliyenisikia. Thuraya aliiendesha mpaka Sib pole pole, na mimi nyuma yake na pikapu, macho chini ya gari lake njia nzima. Tulipofika mama yako alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta kwa sababu bakora hana. Ndani chai ilikuwa imeshatelekwa. Alinimiminia kikombe, akakisukuma upande wangu.

Kwaheri, Sele. Nitakuombea dua kila nikisimama kusali. Zile funga zilizobaki nitazimaliza. Thuraya nitamshikia taa mpaka anifukuze, na sitampa mtu tena neno "nimekaza" bila kuweka mkono kwenye bolti. Na siku nitakayokuja huko, usinikumbatie. Nipige kwanza, nipige sawasawa. Halafu nipe mkono.

Nduguyo,
Nassor