Koili Yangu ya Kwanza na Pamba Niliyoikaza

Malili, Jumamosi, mwisho wa Oktoba

Leo jua limewaka tangu saa mbili asubuhi kama limetumwa, na upepo wa barabara kuu umetuletea vumbi la malori yote ya Mombasa. Saa sita mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zake Machakos. Hata hivyo nimeshinda vizuri. Naandika nikiwa nimeketi mlangoni pa nyumba yangu, nimeshiba, jua ndiyo linashuka, na moyo wangu umetulia.

Asubuhi haukuwa umetulia.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kusuka mota. Pampu ya kisima ikiungua huko Zombe au Kyuso, mota yake inaletwa kwangu, natoa waya ulioungua, nasuka mwingine mpya mzunguko kwa mzunguko, na watu wanapata maji tena. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba. Sigara nilivuta miaka ishirini na mbili. Hesabu hiyo ya pili siipendi, lakini ndiyo hiyo.

Niliacha sigara mwezi wa Februari, na sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa aibu. Kila Jumapili nilikuwa natoka ibadani mara tatu, nasema naenda haja ndogo, kumbe nasimama nyuma ya tangi la maji la kanisa nikivuta. Wazee wa kanisa wakaona mtu wa umri wangu anayetoka hivyo hakosi ugonjwa wa sukari. Jumapili moja wakaniita mbele, wakaniwekea mikono kichwani, wakaziombea figo zangu kwa machozi. Nikasema amina. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa ameketi kiti cha pili, naye akasema amina. Jumatatu nilienda Nairobi nikanunua sigara ya umeme.

Najua hii nayo si kitu cha kujisifia. Nikotini ni nikotini hata ikivaa suti. Lakini nilianza na juisi kali, ile ya nikotini miligramu kumi na mbili, sasa niko kwa sita, na nia yangu ni kuteremka ngazi hadi nifike chini na nitembee kwa miguu yangu.

Shida yangu imekuwa koili. Ndani ya kidude hiki kuna waya mdogo uliozungushwa, na ndani ya waya kuna pamba. Pamba inakunywa juisi, waya unapata moto, mvuke unatoka. Koili za kununua zinakufa baada ya wiki mbili hivi, na huku kwetu sijaona duka linaloziuza. Mara mbili mwaka huu zimeniishia kabla sijapata wa kuniletea kutoka Nairobi, na mara zote mbili nilirudi kwa sigara. Ya kwanza ilikuwa siku moja. Ya pili siku tisa.

Nikianguka ya tatu, najijua, siinuki.

Ndiyo maana niliagiza atomaiza ya kujisukia mwenyewe. Ni kikombe kidogo cha chuma na kioo, upana wake haufiki kifuniko cha soda, na ndani kina nguzo mbili fupi zenye skrubu. Waya ukiungua unaweka mwingine. Pamba ikichoka unabadilisha. Hakuna kumbembeleza mtu wa duka. Ilifika jana jioni kwa gari la vifurushi, pamoja na waya wake na pamba yake, na ilikuwa imechelewa, kwa sababu koili yangu ya mwisho ilikufa Alhamisi. Tangu Alhamisi nimekuwa mtu wa kuepukwa. Jana niliigombeza hata redio.

Basi leo asubuhi mota ya Zombe ilikuwa juani ikikausha vanishi, sina kazi nyingine, nikajifungia karakana. Niseme ukweli, niliingia kwa kiburi. Mimi ninayesuka mota kubwa ya hospawa, yaani nguvu za farasi, saba na nusu, nitashindwa na koili ya mizunguko sita?

Na kweli koili haikunishinda. Niliuzungusha waya kwenye biti ya drili, ukalala mzunguko kando ya mzunguko bila nafasi. Nikaufunga kwenye nguzo, nikakata ncha, nikapima, mita ikasoma omu moja kasoro kidogo. Nilipobonyeza, waya uliwaka mwekundu kuanzia katikati kwenda pembeni, sawasawa pande zote. Nilijisifu kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia kusifu.

Halafu ikaja pamba.

Kwenye mota, kitu cha kwanza unachofundishwa ni kukaza. Waya wa shaba ukicheza ndani ya mfereji wake, mota ikizunguka unasuguana, ngozi yake inatoka, na mota imekufa. Kwa hiyo tunajaza, tunasukuma, tunapigilia kabari juu, mpaka hata sindano haipati njia. Mwalimu wangu alikuwa akinipiga kofi akikuta waya unatikisika. Vidole vyangu havijui namna nyingine. Niliichukua ile pamba, nikaisokota ikawa kamba, nikaivuta kupitia kwenye koili kwa koleo, na nilipoona imekaa imara nikafurahi sana.

Nikajaza juisi, nikavuta.

Nilivuta moto mtupu. Sijui niseme nini zaidi. Ni kama mtu amekuchomea shati kooni. Nilikohoa hadi nikashika benchi.

Sasa sikiliza akili ya fundi. Nilifungua, nikaona pamba imeungua katikati na imekauka, nikaamua kwamba pamba ilikuwa kidogo. Nikaongeza. Nikakaza zaidi. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na karakana yote ikanuka.

Nilikiweka kile kikombe chini na nikahisi kitu ninachokijua vizuri. Hakikuwa hasira. Ilikuwa ile sauti ya upole inayosema, umejaribu, mtu wangu, sasa pumzika. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Duka la Mama Kioko liko ng'ambo tu ya karakana yangu. Nilinunua sigara kwake miaka mingi sana, kiasi kwamba hakuwa akiniuliza ninataka nini. Leo, baada ya miezi ambayo nimenunua kwake sukari na sabuni tu, aliniangalia usoni mara moja na mkono wake ukaenda wenyewe kwa ile pakiti iliyofunguliwa.

"Fundi, si nilisikia uliokoka na hii maneno?"

"Nimeokoka. Nipatie mbili."

Alinipa, nikalipa. Nilizitia katika mfuko wa shati. Sikuwasha barabarani kwa sababu watu wa kwaya walikuwa wanapita kwenda mazoezini. Nilipanga niende nyuma ya karakana, nivute moja, ya pili niiweke. Ninaandika hili kama lilivyokuwa, sitaki kujipaka mafuta.

Nilipofika, Mama Mwende alikuwa ndani. Alikuwa ameniletea muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kwenye bakuli, naye ameketi kwenye kigoda changu, kiondo anachosuka kikiwa mapajani. Pua yake ilikuwa inatafuta.

"Baba Mwende, usiniambie ni ile mota ya watu wa Zombe imeungua."

Nikamwambia si mota. Nikamwonyesha kile kikombe. Tangu Februari hajawahi kukigusa kidude changu hata kukisogeza mezani apanguse. Hakipendi, na hajanificha. Leo alikichukua, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akauliza hako kadude kanafanya kazi namna gani. Nikamweleza, kwa ufupi na kwa uchungu, kwamba pamba inatakiwa kunywa na haitaki.

Aliivuta ile pamba kwa kucha mbili. Ilitoka nzima, ngumu kama mkia wa panya, imeungua tumboni. Akaibana. Akacheka kidogo, si sana.

"Nani alikwambia uisokote?"

Nikasema nimeikaza isicheze.

"Itakunywa aje na umeifunga hivi? Hii makonge yangu, nikisokota kabla ya kutia rangi, rangi inabaki huku nje. Ukikata uzi, ndani ni nyeupe. Ndiyo maana kwanza tunatia rangi ikiwa imelegea, halafu tunasokota."

Miaka kumi na nne nimekaa nyumba moja na sufuria za rangi za mke wangu. Nimezibeba, nimezimwaga, nimelalamika zinachafua ua. Sikuwahi kuuliza hata siku moja kwa nini makonge yanaingia kwenye rangi yakiwa yametawanyika kama nywele za mtu aliyeamka. Mtu anaweza kuwa mjinga karibu sana na elimu.

Alikata kipande kipya cha pamba. Akakichambua kwa kucha kama anavyochambua makonge, akitoa nyuzi zilizoshikana, mpaka ikawa nyepesi na nusu yake iko sakafuni. Mimi nilidhani anaimaliza. Akanipa. Niliinama nikaipitisha kwenye koili, na ikapita kwa ulaini, ikigusa waya bila kuung'ang'ania. Nikakata ncha, nikazilaza kwenye mifereji yake, nikadondosha juisi. Pamba iliinywa nikiitazama. Tone likitua linapotea.

"Ngoja kwanza," akasema, nilipokuwa nakimbilia kufunga. "Rangi huwa tunaipatia nafasi."

Tulingoja. Nilikula muthokoi, yeye akasuka mizunguko miwili ya kiondo. Halafu nikavuta, kidogo, kwa woga.

Mvuke ukaja baridi, mzito, mtamu. Juisi yangu ni ya ladha ya embe, na mtu wa Makueni kuvuta embe la chupa ni aibu, embe hilo halijawahi kuona mti. Lakini leo lilikuwa tamu kuliko siku zote nilizovuta koili za dukani. Nilivuta tena, nikaketi, na siku tatu za ukali zikanishuka mabegani. Nilifurahi sana. Nilimshukuru mpaka akaniambia nitosheke.

Halafu, macho yake yakiwa kwenye kiondo:

"Na hizo mbili utazipeleka wapi?"

Nilishika mfuko wa shati kama mwizi. Nilimuuliza ameziona saa ngapi. Akasema aliziona nikiingia mlangoni. Nikahesabu kichwani: kabla ya kukishika kidude, kabla ya kuuliza kinafanya kazi vipi, kabla ya pamba, kabla ya makonge.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungezivuta."

Ni kweli. Angesema, ningejibu kwa ukali, ningetoka na kuubamiza mlango, na ningevuta zote mbili kwa haki yangu. Badala yake alikishika kitu asichokipenda, akakishughulikia nusu saa, apate kunipa sababu ya kutozihitaji. Mimi nilidhani ananifundisha pamba.

Niliona haya, na nilijiona ninapendwa, vyote kwa pamoja. Sitazungusha maneno.

Nikazitoa, nikataka kuzivunja mbele yake kwa mbwembwe. Akanizuia. Mama Mwende ni mtu wa Kyuso, kwao hawatupi kitu. Akasema Mama Kioko yuko pale pale, na mimi nina miguu. Kwa hiyo mchana wa leo, mbele ya wateja wanne, fundi wa mota amerudisha sigara mbili dukani.

Mama Kioko alizigeuza kuona kama nimezionja.

"Nimeuza hapa miaka kumi na mbili," akasema. "Mtu wa kurudisha sigara sijawahi kuona."

Alinipa pakiti ya chumvi badala yake. Wale wateja wanne watalizungumza hilo hadi Krismasi, na waache walizungumze.

Nilipomletea Mama Mwende ile chumvi alikuwa anakunja kiondo chake aende. Nikamwambia pamba hii itahitaji kubadilishwa kila baada ya siku chache, na mikono yangu ni mikono ya kukaza, sijui kama itajifunza. Nilikuwa nambembeleza na alijua. Alisimama mlangoni akifikiri, kisha akanipa sharti.

"Nitakuchambulia. Lakini siku mimi nitachoka kuchambua, na wewe uchoke kuvuta."

Nikakubali papo hapo, kabla sijafikiri. Aliondoka akiwa ameridhika, na nimemwona jioni hii yote akiwa ameridhika, anaimba huko jikoni.

Sasa nimeketi hapa na kidude changu, kinafanya kazi kama saa, na ninafikiri. Mke wangu hufuma kiondo kimoja wiki tatu bila kulalamika. Kuchoka kwake sikujui. Ni lazima nimwombee achoke mapema, ndiyo sala ya mtu mwenye nia. Lakini kila nikifumba macho kuianza, sala nyingine inatangulia, inayosema asichoke bado, na aje tena Jumanne aketi kwenye kigoda changu.

Kesho nitakuwa ibadani, nitaketi kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nitakapoinamisha kichwa, niombe ipi?