Mawese ya Wifi Yangu

Wifi yangu Spesioza,

Habari za Kigoma? Ujumbe wako nimeupata. Unataka kumleta Elia hapa kwetu Daa, Karatu, likizo hii, awajue ndugu wa marehemu baba yake. Nimeusoma weee, kujibu nimeshindwa. Aibu, wifi. Aibu tupu.

Unakumbuka ulivyokuja na dumu lako la mawese? Kaka alikutoa Kigoma, ulikokulia baada ya wazazi wako kutoka Burundi. Siku ya pili tu ukatupikia maharage mekundu kama udongo wa Karatu. Mimi nililamba sahani. Mama akasubiri uende kuchota maji, akalimwaga dumu zima nyuma ya zizi. "Limbwata hilo! Mrundi hapiki bure." Uliporudi nikakudanganya kwamba ndama kalipindua. Ukacheka: "Basi huyo ndama atanipenda mpaka kufa!" Kumbe ulijua.

Halafu ile jioni kaka aliporudi kutoka Ngorongoro kuendesha watalii, amenuna. Mgeni kamuuliza ameua simba wangapi kwa mkuki. Tukawasema wazungu wale, eti wanatuchukulia sisi wote ni wa porini! Na kwenye chai ile ile tukahamia kwa wengine: Msomali wa dukani ni magendo tu, Mkongo tapeli, Mkenya usimpe mgongo. Wewe ndiye uliyekuwa unatumiminia chai.

Kaka akafa. Daktari alisema figo. Wanawake jikoni msibani wakasema ni wewe. Nilikuwepo, nakata vitunguu, nikaendelea kukata. Ulipomfunga Elia mgongoni ukaondoka, hata stendi sikukusindikiza.

Sasa sikia la juzi. Neema wangu, huyu huyu uliyembeba mimi nikiwa shamba, alipewa chungwa sokoni na mama mmoja Mrundi anayeuza mitumba. Akalitupa chini, mbele ya yule mama! "Warundi wanaloga," akaniambia. Nikamfokea: nani kakufundisha upuuzi huo? Akanishangaa.

"Si nyie?"

Hakusema bibi, wifi. Alisema nyie. Nilimwokotea yule mama chungwa lake, nikaomba radhi, na sikuweza kumtazama usoni.

Nyumbani nikamkalisha. Nikamwambia, "Aliyekubeba ulipokuwa mdogo ni Mrundi, na mwanawe Elia ni ndugu yako wa damu, anataka kuja kutusalimu." Akafikiri, kisha akauliza taratibu, "Elia naye analoga?"

Ndiyo maana nakuomba, na Mungu anaona ninavyoona haya: likizo hii usimlete. Simkatai mtoto wa kaka yangu, nisingethubutu. Ila asije akasikia swali hilo kwenye nyumba ya baba yake, kutoka kwa mtoto niliyemlea mimi.

Tutakuja sisi. Mimi na Neema, tupige hodi mlangoni kwako, tukae kwako, tule chakula chako. Kama utatufungulia.

Wifi yako,
Mama Neema