Mama Gitl, Uliyechoma Jiko Ili Mwanao Ale

GITL WASSERZUG
Brooklyn

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotutoka siku chache kabla ya sikukuu ya Hanuka. Jana jioni tuliwasha mshumaa wako wa kumbukumbu, ule unaowaka kwenye glasi hadi jua la kesho yake litue. Baba ameuweka ndani ya sinki. Anasema, "Nikiuweka mezani, mama yenu atafufuka aje kuniuliza kama nataka kuchoma nyumba."

Mimi Dvora, bintiyo, ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote. Baba alijaribu, akaandika "Gitl wangu," kisha akaiweka kalamu chini.

Mtaa mzima ulikujua kwa duka lako la vifungo. Mtu aliingia kutafuta zipu, akatoka na zipu, ushauri kuhusu mama mkwe wake, na namba ya simu ya mpwa wa mtu ambaye bado hajaoa. Ndoa zilizotoka kwenye kaunta ile ni nyingi. Nyingine zimedumu. Zilizovunjika, ulisema wenyewe hawakufuata maelekezo.

Kwenye simu hukuwa na "hujambo." Ulianza na "Umekula?" Tukijibu tumekula, ulitaka kujua tumekula nini, na tukikutajia, ulitupa pole kama waliofiwa.

Na siku ile Baba alipokoroma katikati ya sala ya Yom Kipuri, siku ya kufunga na kutubu, wanawake wenzako kwenye roshani yao ya juu sinagogini wakakunong'oneza umtume mtu akamwamshe. Ukawaambia, "Mwacheni Mendel. Katika umati wote huu, angalau Mungu ana mtu mmoja asiyemwomba kitu."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ndiyo maana tuliingiwa na hofu tulipokuona umeishiwa maneno.

Kaka yangu Anshel alikwenda Yerusalemu kusoma, akarudi na ndevu, kofia nyeusi, na mke mpole, Yocheved. Ulifurahia vyote vitatu, ndevu kidogo kidogo. Ijumaa yao ya kwanza ulipika tangu alfajiri chakula cha Sabato: samaki wa kusaga mwenye kipande cha karoti juu, supu, kuku, viazi vya oveni. Tuliketi, Baba akabariki divai. Anshel akainama, akatoa mfukoni mwa begi sahani za karatasi na kitu kilichofungwa kwenye foili.

"Mwanangu, hicho ni nini?"

"Kuku, Mama."

"Na huyu niliyempika mimi ni nini, kunguru?"

"Si hivyo, Mama. Ni vyombo. Torati inakataza nyama na maziwa kukutana, na vyombo vya humu ndani vimeshachanganyika zamani sana."

"Vimechanganyika wapi? Masufuria ya nyama kabati hili, ya maziwa kabati lile, tangu nilipoolewa. Kama yanatembeleana wakati nimelala, mimi nitajuaje?"

Tulicheka sote, hata Yocheved, aliyekuwa ameiva uso kwa aibu. Lakini nilipokufuata jikoni nilikukuta umesimama mbele ya samaki wako, mikono imelala tu juu ya meza.

Ukaniambia bila kugeuka, "Nilimnyonyesha yule mtoto miezi mingapi? Hakuniuliza kama maziwa yana muhuri wa rabi."

Majira yakabadilika. Kila Ijumaa walikuja, kila Ijumaa foili ilifunguliwa. Anshel hakuwa na kiburi, hilo tuliliona. Alikula kichwa chini kama mtu aliyeadhibiwa, na mara nyingi alibakiza. Alikuwa ameamini, na imani yake ilimkataza sahani ya mama yake. Nawe ukaacha kumtania. Kisha ukaacha kututania sisi. Baba alinipigia simu kazini. "Gitl amenyamaza," aliniambia. "Nimwite daktari, au kwanza nifurahie kidogo?" Sauti yake haikuwa na furaha yoyote.

Siku Yocheved alipokuambia ana mimba, ulimkumbatia ukamlilia begani. Halafu ukaniuliza jikoni, "Na huyo mjukuu, akija kwangu atakula nini? Hewa?"

Kesho yake ulimpigia simu rabi wa Anshel. Alikuja kijana mrefu, Rabi Pinkus, na mtungi wa gesi wa kuchomelea. Kabla hajavua koti ulishamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Ukamwambia, "Basi fanya kazi taratibu, kuna mtu nataka nimpigie simu."

Alichoma oveni yako kuitakasa, hadi ikawa nyekundu. Alichemsha masufuria, vijiko, hata mwiko wa chuma. Baba alikaa sebuleni na koti lake la baridi, madirisha yote wazi kwa moshi, akiuliza kila mara kama tumebakiza kitu cha kukalia. Nawe ulimfuata Rabi Pinkus kila hatua, ukimkosoa namna anavyoshika mtungi.

Kisha mkaufikia udongo. Chuma hutakasika kwa moto, akasema rabi, lakini chombo cha udongo kilichoshika mapishi ya zamani hakina dawa. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la kahawia juu ya kabati.

Lilikuwa la mama yako. Ulilitoa kwenu Grodno, ukalipitisha kambi ya wakimbizi baada ya Vita vya Pili vya Dunia limefungwa ndani ya sketi, na kati ya vyote vilivyokuwa vyake, na kati ya wote waliokula humo, mlikuwa mmebaki wewe na lenyewe.

Anshel alikuwa amefika mlangoni. Rabi alikuwa amempigia simu, maana wewe hukumwambia.

"Mama, hilo liache. Sikukuomba ufike huku."

"Hukuniomba. Ulikuja na foili yako. Kuomba kungekuwa nafuu."

"Basi liweke tu, usipikie. Weka maua."

"Mama yangu hakuwa na maua, Anshel. Alikuwa na supu."

Ukalishusha mwenyewe, ukalifuta kwa aproni, ukanipa mimi. "Wewe unakula chochote kisichokukimbia. Pikia humu. Lisikae bure." Nalipikia mpaka leo, Mama, na supu haijawahi kuwa kama yako.

Ijumaa ile Anshel aliketi mikono mitupu. Ulimpakulia samaki. Hakuna aliyegusa chake, tulimtazama yeye. Akatafuna, akameza.

"Vipi?" ukauliza.

"Chumvi imepungua kidogo, Mama."

"Nimechoma nyumba nzima," ukamwambia Baba, "na huyu anataka chumvi." Ukafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, tukadhani unacheka. Anshel alijua zaidi yetu. Alizunguka meza akapiga magoti kando ya kiti chako, na mlikaa hivyo mpaka supu ikapoa.

Mjukuu wako Shaindl alikula kwako tangu jino la kwanza. Namshukuru Mungu kwamba uliiona miaka hiyo.

Ugonjwa ulipokuja, daktari alituambia tukupe chochote utakachotamani. Mchana ule hospitalini ulikunywa supu ya kuku vijiko vichache, ukafumba macho. Kisha ukasema unataka aiskrimu. Tukamtazama Anshel, yeye ambaye baada ya nyama husubiri saa nyingi asiguse hata tone la maziwa. Alivaa kofia yake akatoka. Alirudi na kikopo, akavuta kiti, akaanza kukulisha kwa mkono wake.

Ulimwangalia kwa jicho lile lako la dukani. "Na kusubiri je? Tumekula nyama sasa hivi."

"Kula, Mama," akasema. "Wewe ulishanisubiri vya kutosha."

Ukala chote.

Wanaokukumbuka ni mumeo Mendel, anayemaliza sentensi zake siku hizi bila kukatizwa na hapendi, wanao Anshel na Dvora, mkweo Yocheved, mjukuu wako Shaindl, na dada yako Tsipora wa Buenos Aires, anayeomba iandikwe hapa kwamba wewe ndiye uliyeanza ule ugomvi wenu. Jumapili asubuhi tutasoma Kadishi, sala ya kuwakumbuka wafu, kaburini, kisha wote mnakaribishwa nyumbani. Njooni na njaa.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Wala usingeturuhusu.