Sungura wa Mama Asing'olewe Ndonya

Shikamoo mama,

"Mwanagenzi wa kufuma asianzishwe na mnyama. Aanze na mraba mtupu, mwaka mzima, mpaka mkono utulie. Na wale sungura wa Newala waliotiwa ndonya mdomoni wafumuliwe, uzi ufanyiwe vitambaa vya maana."

Hayo si maneno yangu, usije ukashtuka huko uliko. Yameandikwa gazetini na bwana mmoja wa hapa Masasi anayejiita Mpenda Maendeleo, ambaye nina hakika hajawahi kushika kulabu ya kufumia, hata kwa kukunia mgongo. Barua yake nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilivunja chaki, mara ya tatu nikakaa kukuandikia wewe, kwa sababu anayetukanwa ni wewe na anayetukana hata hakujui.

Unanifahamu, mama. Ulikuwa ukiwaambia watu kwamba mwanao huyu akikosa mtu wa kubishana naye atabishana na chungu kinachochemka. Basi leo nimepata mtu, na moyo wangu umetulia kama wa aliyekula akashiba. Nimesoma kila karatasi iliyofika Masasi, hata zile zilizokuja zimefungiwa sukari, na bado sijaona hoja nyepesi kuliko hii. Lakini sitaijibu kwa vitabu. Nitaijibu kwa kisima chako.

Bwana huyu anafungua maji karibu na mlango wake, kwa hiyo hajui jinsi sisi wa juu Newala tulivyoyapata. Hajui ile njia ya kuteremka ukingo wa mlima kabla jua halijachomoza, debe tupu kichwani, magoti yakitetemeka. Hajui kwamba ukifika chini hujafika, maana maji yanajikusanya taratibu kwenye mchanga, na mbele yako wamekaa wanawake ishirini. Anayechota anachota kata moja moja, anangoja, anachota tena. Wengine walikuwa wakisinzia, wengine wakisemana. Wewe ulitoa uzi.

Ufumaji ulijifunza hospitali ya Ndanda, ulipolazwa kwa ajili ya mguu, kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Yeye alikufundisha mraba wenye ua katikati. Ulirudi nyumbani na mguu uliopona na lalamiko moja: "Ua nitaongea nalo nini? Ua halina macho." Ukaliondoa ua, ukaweka uso wa sungura. Kulabu ulichongewa kwa mpingo na jirani yetu fundi wa vinyago, nyeusi, laini, yenye kichwa kidogo kama cha ndege. Na uzi wako wa kwanza ulitoka kwenye sweta la jeshi alilorudi nalo mjomba kutoka vita vya Bama. Nilikuwapo ulipoanza kulifumua. Mjomba alishika kichwa.

"Dada, sweta hilo limevuka bahari mara mbili!"

"Ndiyo maana limechoka," ukamjibu bila kuinua macho. "Acha lipumzike."

Ndivyo sweta la vita lilivyogeuka sungura wa rangi ya kaki, na mjomba akawa anawahesabu kwa fahari kama vile yeye ndiye aliyewazaa.

Mimi nilichelewa kuja kwenye darasa lako la pale kisimani, ulikowafundisha wenzako wa foleni. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mwalimu wa shule, mama wa watoto wawili, nimezoea kuwasahihisha wengine. Sababu iliyonileta nitaieleza, ingawa inaniumbua. Kwanza nataka Mpenda Maendeleo aone jinsi mwanagenzi anavyofundishwa na mtu anayejua kazi.

Ulinikalisha kwenye jiwe, mgongo wako kwa jua, ukanipa kulabu. Pembeni alikaa Mama Salima, jirani yetu, ambaye ulimi wake ulikuwa ukitufanya tusahau kiu.

"Mwalimu," akasema, "na wewe ukikosea, tukuchape?"

"Atachapwa na sungura mwenyewe," ukasema wewe. "Haya, cheni tano. Zifunge ziwe duara."

Nikazifunga. Ndani ya duara ukanifanya nivute nguzo kumi na mbili, yale mafundo marefu yanayosimama. Mzunguko wa pili kila nguzo ikabeba mbili, zikawa ishirini na nne, na uso ukawa umeenea kiganja. Hapo ukakata uzi wa kaki, ukanipa mwekundu wa dukani, na ukafika mahali ambapo kila mwanafunzi wako alipotea: jinsi duara linavyogeuka kuwa mraba.

Vitabu vya ufumaji nimeviona baadaye, mama, vina picha na alama na mishale. Hakuna kimoja kinachoeleza kama ulivyoeleza wewe, ukinyoosha kidole kwa wanawake waliopanga foleni. "Unaruka fundo moja, unaweka fungu la nguzo tatu. Huyo ni mwanamke na debe lake. Unaruka, unaweka tatu nyingine. Mwanamke wa pili na debe lake. Wa tatu ana debe na mtoto mgongoni. Huyo mpe mafungu mawili mahali pamoja, na katikati cheni mbili, mtoto apate hewa. Hapo ndipo penye pembe. Kisha anza tena: debe, debe, debe na mtoto."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikafuma debe, debe, debe, debe, nikizunguka kwa haraka ili nikuonyeshe kwamba mimi si mtu wa kufundishwa mara mbili. Kazi ikaanza kujikunja ukingo, ikainuka, ikawa bakuli. Mama Salima aliichukua, akaigeuza huku na huku, akamvika mwanawe kichwani.

"Mwalimu amefuma kofia ya kuendea sala!" akapiga kelele, na kisima kizima kikacheka, hata bibi mmoja asiyesikia vizuri alicheka kwa kutuona sisi tukicheka.

Wewe hukucheka sana. Uliniuliza swali moja tu: "Watoto wao umewaacha wapi?"

Nikafumua. Nikaanza upya. Safari hii nilimpa kila mwanamke wa tatu mtoto wake, na pembe nne zikajitokeza zenyewe, nami nikapiga yowe kama msichana. Kwa masikio ulinifanya nitunge cheni nane, nirudi juu yake kwa mafundo mafupi, mara mbili, kisha niyashonee juu ya uso. Langu la kushoto lilitoka refu kuliko la kulia. Macho tukayatia kwa uzi mweusi. Sungura akanitazama kwa mshangao, na mimi nikamtazama kwa mshangao.

Sasa jibu langu kwa bwana yule ni hili. Mraba mtupu unaficha kosa. Mtu anaweza kufuma miraba mitupu mwaka mzima akipunguza fundo hapa na kuongeza pale, asijue, na anayempita asijue. Lakini sungura mwenye sikio moja refu anajulikana na mtoto wa miaka mitatu. Uso unamsahihisha mwanagenzi kabla mwalimu hajafungua mdomo. Tena, nani atateremka mlima kesho kwa shauku ya mraba mtupu? Wanafunzi wako walirudi kwa sababu nyumbani kulikuwa na sungura asiye na jicho, wakaona aibu kumwacha kipofu.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya barua yake, na nimeimaliza. Nusu ya pili ndiyo inayoniuma.

Sungura wako hakukamilika kwa macho wala masikio. Ulisema ana mdomo uliochanika juu tangu kuzaliwa, kwa hiyo Mungu amekwisha kumtayarishia mahali. Mwanafunzi akimaliza mraba wake wa kwanza, alishona kifungo kidogo cheusi kwenye mdomo wa juu, kiwe ndonya yake. Hakushonewa na mtu, alishona mwenyewe, mbele ya wote, na wote wakapiga vigelegele kama tunavyowapigia wasichana wanapotoka unyagoni. Ndipo sungura alipokuwa mtu mzima, na mwanafunzi pia. Mdomoni mwako wewe ilikaa ndonya ya kweli, kipande cha mpingo, tangu usichana wako. Mdomoni mwangu hakuna kitu, maana nilikwenda shule na nikakataa, nawe hukunilazimisha.

Na sasa sababu iliyonileta kisimani. Hapa Masasi kulifanyika maonyesho ya kazi za mikono, nami nilichukua mraba wako mmoja nikauweke mezani kwa jina lako. Nilifika asubuhi, nikaona vitambaa vyeupe vya wake za makarani vimepigwa pasi, maua yamejipanga, na katikati yake sungura wako na ndonya yake. Nikatazama kushoto na kulia. Nikatoa wembe wa kuchongea penseli, nikakata kifungo, nikakitia mfukoni.

Sikujua kwamba ungepanda lori kuja kuona. Ulisimama mbele ya meza ukiwa umevaa kanga zako mpya, ukamtazama sungura kwa muda mrefu.

"Ndonya yake iko wapi?"

"Ilidondoka njiani, mama."

Ukapitisha kidole pale mdomoni. "Uzi ukichakaa wenyewe ncha yake inakuwa na manyoya," ukasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Huu umekatwa." Kisha ukanitazama. "Mwalimu, ulimwonea haya sungura, au ulinionea mimi?"

Mimi ninayebishana na kila mtu, nilianza kunyoosha vitambaa vilivyokwisha kupigwa pasi. Mpaka leo jibu lake ni moja, na nililijua palepale. Hukunigombeza. Ulinyoosha mkono, nikakupa kifungo kutoka mfukoni, na ukasema kwamba shule ikifungwa niteremke nawe kisimani. Siku nilipomaliza yule sungura wa sikio refu, ulitoa kifungo kilekile kutoka kwenye pindo la kanga, ulipokuwa umekifunga, ukanipa nikishone. Mama Salima alipiga kigelegele cha kwanza.

Kwa hiyo, mama, ninapompiga Mpenda Maendeleo, najua ninakompiga. Nilikwisha kuwa yeye. Nilikuwa na wembe mkononi.

Kila mwanafunzi alikuachia mraba wake wa kwanza, nawe ukaitunza yote kwenye sanduku lako la bati. Ulipotutoka, kwa utulivu, ukiwa umelala, tulilifungua tukaikuta miraba thelathini na mmoja. Sungura wanene, sungura wembamba, mmoja anayefanana kabisa na mbuzi, na wote wana ndonya. Wengi walifumwa na wasichana ambao, kama mimi, midomo yao haikutobolewa. Tuliipeleka ndani ya sanduku lile kwa kamati ya akina mama wa Newala, iunganishwe iwe blanketi moja, itumike kumpokelea mtoto yeyote anayezaliwa kijijini. Ikalala mlemle sandukuni. Kisha ikatoka barua ya gazetini, na nimeambiwa kwamba Jumamosi hii kamati itakaa kuamua kama miraba ifumuliwe.

Wanasema pia kwamba maji yatapandishwa juu kwa bomba. Nafurahi, nisiseme uongo. Magoti ya wanawake wetu yamelipa vya kutosha. Lakini siku bomba likifika hakuna atakayekaa kwenye jiwe lile kungoja maji, na darasa lako litabaki mahali pamoja tu, ndani ya sanduku lile. Nikiwaza hivyo sihuzuniki kama nilivyodhani. Jioni natoa kulabu yako ya mpingo, binti yangu mkubwa anakaa karibu, namwambia debe, debe, debe na mtoto. Jana amefuma kofia. Nilimuuliza watoto amewaacha wapi, nikasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu, nikacheka peke yangu hadi akaniuliza kama naumwa.

Kaa salama, mama. Miguu yako haina tena mlima wa kupanda. Masikio ya sungura wangu bado hayalingani, na siku hizi sijaribu kuyalinganisha.

Lakini barua hii nimeiacha wazi kwa makusudi, na maneno yaliyobaki si yako. Ni yenu, wanawake sita wa kamati ya Newala, nawajua, na wanne kati yenu mlikaa kwenye foleni ile. Jumamosi, kabla hamjapiga kura, fungueni sanduku, kila aliyefuma amtafute wa kwake. Mama Salima, wewe ni mwenyekiti sasa, na wako ni yule anayefanana na mbuzi. Mshike mkononi, ukitazame kifungo ulichokishona mwenyewe huku tukikupigia vigelegele, kisha uwaambie wenzako kama unaweza kumkata. Najua huwezi. Basi njooni na sindano, muwaunganishe wote thelathini na mmoja, na ndonya zao. Mkasi uacheni nyumbani.

Mimi binti yako,
Mwalimu wa kofia